Makopa ya Mafuta ya Taa

Anton Masele alirudi Usoke kutoka vita vya Burma akiwa na koti zito la jeshi, goti bovu, na hofu ya maji machafu. Watu wakimuuliza alifanya kazi gani huko, alijibu, "Nilikuwa upande wa kusafisha maji." Hakusema uongo. Wenzake waliyasafisha, nyumbu wa jeshi akayabeba, naye akamwongoza nyumbu. Kama kulikuwa na mtaalamu kati ya hao wawili, Anton alikiri mwenyewe moyoni, alikuwa nyumbu.

Lakini huko alikuwa amewaona vijana wenye nguvu, waliokoswakoswa na risasi, wakifa kwa kuhara. Hilo hakulifanyia mzaha. Ndiyo maana, mwaka wa pili baada ya vita, alijenga chumba nyuma ya nyumba akakiita ghala la dharura. Humo aliweka magunia ya makopa ya muhogo uliokaushwa, dagaa wa Kigoma, chumvi, viberiti, madebe matupu ya kuhifadhia maji, na vipande vya shabu, ile ambayo vinyozi hupaka kidevuni wakishakukata. Debe la mafuta ya taa alilipandisha rafu ya juu kabisa, mbali na moto na watoto, akajipongeza kwa akili hiyo.

Mkewe, Tekla, alisimama mlangoni akatazama.

"Baba Josepha, hii ni dharura au tunafungua duka?"

"Siku ikifika utanishukuru."

"Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, akarudi, na kibuyu kimoja cha maji."

Anton aliendelea kupanga madebe. Ni kweli, mzee alipita njia yote ile ya misafara akiwa na kibuyu na kifuko cha unga. Yeye mjukuu alihitaji chumba kizima ili akae nyumbani.

Masika ya mwaka ule yalishuka kama yaliyokuwa na kisasi. Mto ulivimba, ukala tuta la reli upande wa Tabora, na treni ya abiria iliyotoka Kigoma ikakwama Usoke. Asubuhi mvua ilipokatika, kisima cha kijiji kilikuwa kimefunikwa na mafuriko yaliyopitia vyooni kwanza. Maji yaliyokingwa kwenye bati la stesheni yaliisha upesi, maana abiria walikuwa wengi na watoto wao walilia kiu.

Bwana Wenceslaus, karani wa stesheni, alikuja mbio, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Anton, wewe si ndiye mtu wa maji? Na chakula unacho. Tusaidie."

Hapo Anton alivaa koti lake la jeshi. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na koti lile lilitengenezwa kwa ajili ya milima, lakini alilivaa na kulifunga vifungo vyote. Aliongoza kundi la abiria hadi nyuma ya nyumba, akatoa ufunguo mfukoni taratibu ili kila mtu auone, akafungua ghala.

Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka. Debe la mafuta ya taa, pale juu kwenye heshima yake, lilikuwa limetoboka kwa kutu. Mafuta yote yalikuwa yamedondoka juu ya magunia ya makopa, tone kwa tone, kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Chumvi ilikuwa imeyeyuka kwa maji ya mvua ikaingia sakafuni. Viberiti vililowa. Kapu la dagaa lilikuwa na paka ndani, amenenepa, akamtazama Anton kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wakacheka wote. Anton alitaka kusema kwamba lile lilikuwa jaribio tu. Badala yake aliingia akapapasa kwenye rafu.

"Shabu ipo," alisema mwishowe.

Wakajaza maji ya kisima kwenye debe, yana rangi ya chai ya maziwa. Anton akazungusha kipande cha shabu ndani yake, na kwa kuwa watu walimtazama, akazungusha kingine, na kingine tena. Wakangoja. Tope likaanza kujikusanya na kuzama, na maji ya juu yakabaki meupe kabisa. Watu wakasogea kutazama kwa mshangao. Mshangao ule ulimlewesha. Alichota kikombe kizima, akakiinua, akanywa hadi tone la mwisho.

Mashavu yakamwingia ndani. Ulimi ukakauka kama ngozi ya ngoma.

Bibi mmoja wa Nzega, Mama Siwema, aliyekuwa akisafiri na wajukuu wake, alisogea akamkagua usoni.

"Kinywa chako kimepatwa na nini, mwanangu?"

"Si kitu, mama. Ni dawa."

"Sawa. Maji yamekuwa meupe, hilo nimeliona. Je, yamekuwa salama? Niwape hawa wanywe?"

Anton aliwatazama wale watoto, midomo imewapasuka, mikono tayari imenyooshwa kuelekea kikombe. Akawakumbuka vijana wa Burma. Kule, baada ya maji kutakata, ndipo dawa yenyewe ilipotiwa, na dawa ikikosekana, maji yalichemshwa. Alilijua hilo. Alilijua hata kabla ya kuinua kikombe.

"Hapana, mama," alisema, akafunika debe kwa mkono. "Hayajawa salama. Lazima yachemke kwanza."

"Na wewe umekunywa?"

"Mimi nilikuwa najionyesha."

Safari hii hakuna aliyecheka, ila Tekla kidogo.

Sasa tatizo likawa kuni. Zote zililowa chepechepe. Wanaume walipuliza makaa ya jiko la Tekla hadi macho yakawaiva kwa moshi. Anton, kwa hasira juu ya nafsi yake, aliokota kopa moja lililolowa mafuta akalitupa jikoni. Moto ukaruka juu, ukapitia nyusi zake, ukaendelea kuwaka.

"Tekla!" alipiga kelele. "Lete gunia!"

Wakayachoma makopa. Makopa yakakausha kuni, kuni zikashika, na zilipopungua Anton akang'oa rafu za ghala, kisha mlango. Madebe yakapangwa juu ya mafiga, maji yakachemka kwa nguvu, yakapozwa, yakagawiwa. Kijiji kizima kilinuka muhogo ulioungua na taa iliyozimika. Chakula walichanga majirani, kila nyumba kidogo kidogo. Iliendelea hivyo kila siku hadi mafundi wakalijaza tuta lililokatika. Anton hakuziona zile siku za mwisho, maana alikuwa chooni.

Tumbo lilimkamata kama alivyostahili. Alikuwa humo, ameinama, koti limeachwa mbali, aliposikia treni ikipiga honi ya kwanza. Kisha mtu akakohoa nje ya uzio wa matete.

"Anton, mwanangu. Uko humo?"

Ilikuwa sauti ya Mama Siwema.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usitoke, usitoke. Nimekuja kukuaga. Tunaondoka."

"Safari njema, mama. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Abiria wote tu wazima, hata yule mchanga wa wiki chache." Akausogelea uzio. "Nimeuliza kila behewa kama kuna anayeharisha. Wameniambia ni yule bwana wa maji peke yake."

Anton alianza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akajizuia ghafla, maana katika hali yake kicheko kilikuwa jambo la hatari.