Bomba la Roger

Msiniambie mimi habari ya kuchoka. Mwezi wa tano mwaka 1972, kwenye dispensari yetu ya Rumonge, tulibaki wauguzi wawili tu: mimi Chausiku, na Roger. Vurugu ilikuwa imeingia mjini wiki mbili nyuma. Majeruhi walilala mpaka chini ya vitanda, na kila aliyeniita nilimfokea. Nikishafoka, nasugua sakafu kwa hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu.

Roger hakufoka. Yeye alichemsha. Siku hizo kila muuguzi alikuwa na bomba lake la sindano, la kioo, na lake alilichemsha hata kama lilikuwa safi. Nilimcheka: “We Roger, unapika supu?”

Asubuhi moja jeep ikasimama nje. Mwanajeshi akasema Roger anahitajika kwenye mkutano, dakika kumi tu. Mwalimu jirani yetu, wa kabila moja na Roger, naye aliitwa Jumatatu kwenye mkutano kama huo. Mke wake alikuwa bado anazunguka na sahani ya chakula, hajui ampelekee wapi.

Roger akaomba azime jiko kwanza. Akanikuta huko nyuma jikoni, akaninong'oneza.

“Dada Chausiku, nipite huku kwenye michikichi, niende kwenu. Mama yako atanificha.”

Wallahi, sikuifikiria roho yake. Niliwafikiria wagonjwa sitini na hii mikono yangu miwili.

“Ehe! Ukimbie, hawa wote uniachie mimi? Nenda kwenye mkutano wako, urudi upesi!”

Akaniangalia kidogo tu.

“Haya. Bomba langu liko jikoni. Usiache maji yakauke.”

Akatoka kwa mlango wa mbele, na koti lake jeupe.

Nikaongeza maji. Saa sita nikaongeza tena, namtukana kimoyomoyo kwa kuchelewa. Saa tisa Pascasie, mfagiaji wetu, akazima jiko, nikamsukuma, nikaliwasha. Jioni mafuta ya taa yakaisha, nikakaa chini pale pale nikalia.

Wagonjwa wengi walipona. Mpaka leo wananisimamisha sokoni, wananishika mikono, wanasema mama, wewe ulituokoa, hukukimbia. Naitikia. Nitawaambia nini? Roger aliniomba mlango, na mimi nilimnyima kwa sababu nilikuwa nimechoka.