Moshi Uliogeuka Juu ya Kibanda cha Nabwile

Nabwile alikuwa akigeuza samaki kwenye karai Afisa Kituku wa mazingira alipoegesha pikapu ya serikali kando ya kibanda, huku malori ya Mombasa yakipita Maungu moja nyuma ya lingine.

"Mama, moshi wako umeshtakiwa," akasema, akichukua kipande cha samaki. Kula hakujawahi kumzuia kufanya kazi.

"Na nani?"

"Na hiyo mashine." Akaelekeza kidole juu ya mabati, kwenye kisanduku kilichovuta hewa kutwa na kuacha masizi kwenye kichujio cheupe. Nabwile mwenyewe ndiye aliyeruhusu kiwekwe. Mumewe Odera, fundi wa reli, alikohoa mpaka akazikwa, naye alitaka kujua marehemu alikuwa akivuta nini.

Christabel, mtafiti aliyekuja kubadilisha kichujio, akashuka ngazi haraka.

"Afisa, mengi ya hayo ni masizi ya malori. Masizi hayo yanatoka yamebeba mafuta ambayo hayajaungua. Yakikutana hewani na gesi za ekzosi na jua hili, yanageuka, yanakuwa sumu kali kuliko yalivyotoka."

Kituku akatafuna polepole. "Kwa hivyo lori likipita, bado sumu si kali hivyo."

"Bado, ndiyo."

"Inakolea hewani."

"Ndiyo."

"Hewa ya juu ya kibanda cha nani?"

Taniboi mmoja, utingo wa lori aliyekuwa akingoja chapati, alicheka hadi akapaliwa. "Huyo ni wakili, mathe. Umeshindwa."

"Basi si ukashike hayo malori," Nabwile akamwambia Kituku.

"Malori yanaenda Malaba mpakani, mama. Wewe uko hapa hapa."

Kituku akateremsha karai, akalimwagia jiko maji, akalipakia kwenye pikapu likiwa bado linafuka. Pikapu ikakataa kuwaka. Taniboi na wenzake wakaisukuma, na iliponguruma ikatoa wingu jeusi lililofunika kibanda kizima. Christabel akabaki akipangusa miwani.

Nabwile akainama. Akaokota mawe matatu, akapanga kuni, akawasha. Moshi mzito ukapanda moja kwa moja hadi kwenye kisanduku. Christabel akakimbilia ngazi ili aizime mashine, wasije wakampa Kituku ushahidi.

"Iache ivute moshi wote, dada," Nabwile akasema, akirudisha karai motoni. "Odera hakupewa wa kuchagua."