Sare ya Kwaya

Gladness aliketi kwenye benchi la usaili, katika ofisi moja ya Dodoma mjini, bahasha ya vyeti mapajani. Alikuwa ametoka Chamwino alfajiri, na mama yake, mjane, alikwisha kuwaambia majirani kwamba binti anakwenda kuanza kazi.

Kando yake waliketi wawili waliotangulia kufika, nao walikuwa yeye. Mmoja alivaa sare ya kwaya na kutabasamu. Mwingine alikuwa amenyolewa kichwa, kanga begani, macho yamevimba. Aliwatambua. Zilikuwa picha zake za Facebook: ya Pasaka, na ya msiba wa baba, ukoo uliponyoa nywele, aliyoiweka ili ndugu wa mbali wapate habari.

"Sisi tunaanza," alisema wa kwaya. "Wewe subiri."



Mzee Methusela, mlinzi, alifungua mlango. "Wa msiba, ingia."

Sauti ya mwenyekiti wa usaili, Bwana Octavian, ilisikika hadi nje.

"Kichwa hicho, binti, ni ugonjwa au ni siasa?"

"Shikamoo. Nimefiwa na baba."

"Andikeni: afya ina mashaka."

Kisha aliingia wa kwaya. Humo ndani walicheka naye kwa muda mrefu, wakamwambia aanze Jumatatu. Mlango ukafungwa.

Gladness alimwendea mlinzi. "Shikamoo, babu. Mimi sijaitwa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Gladness."

"Gladness amekwisha kupata kazi, mjukuu wangu. Usimharibie."

Alirudi Chamwino. Aliyenyolewa alimfuata nyuma, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemtaka.

Jumamosi wa kwaya alifika na mkate na sukari, tabasamu lile lile, halijasogea. Mama alimpa kiti. Gladness na aliyenyolewa walikaa mkekani. Mama alipoomba, akamshukuru Mungu kwa mtoto aliyepata kazi, Gladness alifungua kinywa aitikie. Ilisikika amina moja tu, nyororo, kutoka kitini.

Aliyenyolewa alimfunika Gladness kwa upande wa kanga yake.

"Gladness hawezi kwenda kazini na mikunjo," alisema mama Jumapili jioni, akimpa bintiye ile sare. "Mpigie pasi, mwanangu."

Gladness alipuliza makaa, akaipiga pasi taratibu, akiogopa kuiunguza.