Macho ya Jioni

Mimi si mvivu. Naanza na hilo kwa sababu mume wangu, Deus, alikwisha kunipa hilo jina, na hapa Mlowo jina baya linafika sokoni kabla yako.

Sote wawili tunafanya kazi kwenye ghala moja la mahindi. Yeye anabeba magunia, mimi na wanawake wenzangu tunachekecha mahindi kabla hayajapakiwa kwenye malori ya Tunduma. Vumbi lake usiombe! Ikifika jioni macho yangu yanawaka kama yametiwa pilipili, hata sura ya mtu aliye mbele yangu naiona kwa shida. Mama yangu alikufa kipofu. Niliogopa, tena sana, hata kula nilikuwa nakula nimesimama.

Nikaenda hospitali. Daktari Tumaini, kijana mpole, akanigusisha jichoni kikaratasi chenye rangi ya chungwa, akaniambia nipepese, akazima taa na kunimulika kwa mwanga wa bluu wa darubini yake. Alisema jicho likichubuka, rangi inashika pale pale na kung'aa kijani. Akatazama weee.

"Mama, pasafi."

Pasafi! Nilirudi nyumbani nimefura. Deus akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Felix, macho yako yana akili kweli. Ghalani yanauma, mnadani hayaumi!"

"Ukome!"

"Kazini utakwenda. Peke yangu sitaiweza nyumba hii."

Wiki iliyofuata nikarudi kwa daktari. Rangi ile ile, mwanga ule ule, hakuna kitu. Nikamwambia taa yake imeharibika. Wala hakukasirika, aliniuliza tu macho yanauma saa ngapi.

"Jioni, nikitoka kazini."

"Na hapa unakuja saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema, daktari. Jana yake sikwenda kazini, nimelala vizuri, nimeoga, nimevaa kitenge cha kanisani. Kwani hospitali watu wanakwendaje?"

Kwetu Mbozi ndivyo tulivyofundwa. Ukienda hospitali na vumbi, watu watauliza umezaliwa na nani. Daktari akacheka kidogo, kisha akanieleza kwamba michubuko midogo hupona jicho likipumzika. Jioni ipo, asubuhi imefutika.

"Kesho njoo moja kwa moja kutoka ghalani," akasema. "Usinawe, usibadili nguo. Nitakusubiri."

Jamani, aibu! Nilipanda bodaboda na makapi kichwani, watu wananishangaa. Deus naye akapanda nyuma yangu, eti akaushuhudie uongo wangu. Njia nzima nilifumba macho, upepo usije ukayasafisha. Na kama hakuna kitu tena? Nitamwambia nini mwanamume huyu? Dereva nikamwona anatambaa.

Daktari akanitia rangi, akazima taa. Akatazama jicho moja, akahamia la pili.

"Sema basi, daktari!"

"Vidoa vipo, mama. Vingi, macho yote mawili. Lakini ni vya juu juu. Ukitumia dawa na kuacha vumbi, huwi kipofu."

Nililia pale pale kwa furaha. Halafu nikamgeukia Deus, maana nilikuwa nimemwekea maneno ya wiki nzima.

"Haya, njoo uuone uvivu wangu!"

Daktari akampisha kwenye darubini. Deus akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama usoni.

"Daktari," akasema polepole, "na mimi nitie."

Alipotiwa rangi, nikaomba nitazame. Yesu wangu! Jicho la kulia lilikuwa na vidoa kama vyangu. La kushoto lilikuwa na baka la kijani, kubwa, katikati kabisa.

"Baba Felix, tangu lini?"

"Kabla yako. Tungelala wote wawili, watoto wangekula nini?"

Daktari akainama tena kwenye darubini. Kisha akasema lile la kushoto si vumbi la leo, ni kidonda. Hata Deus akilala wiki nzima, asubuhi kitakuwa pale pale.

Nilimshika mkono mume wangu, mjinga huyu, nikamwambia kesho hakuna ghala, tunakwenda hospitali kubwa Mbeya, na watoto watakula viazi.