Vitunguu vya Kuazima

Marieta alirudi asubuhi kutoka msibani kijiji cha Masieda, miguu inamuuma, akapitia bustanini achume mboga kabla hata hajaingia ndani. Hakukuwa na cha kuchuma. Palipokuwa na vitunguu vyake vya majani, mashina thelathini na mawili aliyoyazalisha kwa miaka minne kutoka shina moja, palikuwa na mashimo matupu.

Mumewe, Hhando, alikuwa mlangoni anakunywa uji, na uso wake ulionyesha anajua.

"Bwana shamba ameazima," akasema. "Leo wanakuja wageni wa mradi wa bustani za nyumbani. Atarudisha jioni."

"Ameazima." Marieta alilirudia neno hilo polepole. "Hhando, vitunguu vinaazimwa? Ni sufuria?"

"Wamevipeleka kwa Kornelia. Pale gari linafika mlangoni, na bati ni jipya. Huku kwetu wageni wangepanda mlima kwa miguu."

Hasira zilimpanda Marieta mpaka masikio yakawaka moto. Hata mtoto wa shule anajua kwamba ukihamisha kitunguu cha majani unayapunguza majani yabaki kidole kimoja, kisha unamwagilia mpaka kishike. Ukikiacha na majani marefu kwenye jua la Septemba, kinakauka. Na hawa walitaka majani marefu, maana walichotaka ni picha. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake yote, hakuwa na shina lingine popote. Alichukua kisu cha jikoni na beseni, akashuka na kanga yake ile ile ya msibani.

Kwa Kornelia aliyakuta magari mawili, mpiga picha, na mgeni mkubwa, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Wilbard, bwana shamba aliyehamishiwa kijijini mwaka juzi, alikuwa anaeleza jinsi mama huyu hodari alivyoanza msimu uliopita. Mama hodari mwenyewe, Kornelia, alisimama kando na kitenge kipya. Kila Jumamosi anasali jumuiya moja na Marieta, na alipomwona alitazama pembeni.

Marieta alimwamkia mgeni shikamoo, maana hata akiwa na hasira kiasi hicho adabu zake alikuwa nazo. Kisha akapiga magoti kwenye tuta akaanza kukata majani.

"Mama, subiri," Wilbard akanong'ona. "Tutaongea baadaye."

"Jana hukuwa na la kuongea na mimi. Nyamaza nifanye kazi."

Alivuta shina la kwanza, likatoka bila kubisha. Walikuwa wamelichomeka tu, mizizi imeanza kukauka, samadi ya kwake bado imeganda.

"Unafanya nini, mama?" mgeni akauliza.

"Naokoa vitunguu vyangu. Vilikuwa kwangu mpaka jana. Hapa vimeletwa mvione."

Mgeni alimgeukia Kornelia, na Kornelia akainamisha kichwa.

"Mbona sisi hatukuletwa kwako?"

"Muulize huyo. Kwangu hakuna bati jipya."

Wilbard akadakia kwamba njia ya kule ni mbaya, gari halipiti. Mgeni akamwambia kwamba miguu wanayo.

Wakapanda. Beseni alilibeba Wilbard, kwa sababu Marieta alimtia mikononi na hakuthubutu kukataa. Walipofika hakukuwa na cha kuona ila mashimo. Samadi aliyobeba kichwani, maji aliyoteka bondeni kila kiangazi, vyote vimefukuliwa na mtu ambaye hakungoja hata mwenye bustani arudi. Machozi yalimtoka Marieta, na yakamkasirisha zaidi.

"Panda," akamwambia Wilbard.

"Mama, nitakutafutia mtu wa..."

"Uling'oa mwenyewe. Piga magoti."

Wilbard alimtazama mgeni kutafuta msaada, hakuupata. Akapiga magoti na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi. Mpiga picha akauliza kama arudishe kamera mkobani, na mgeni akamwambia apige tu. Hhando alileta ndoo ya maji bila kuambiwa.

Marieta alimsimamia Wilbard kwa karibu, mikono kiunoni. Shina la kwanza lilikaa vizuri. La pili Wilbard aliliweka juu juu, mizizi iko nje.

"Chomoa," Marieta akasema. "Rudia."