Chumvi Mara Mbili

Mkate ulikuwa mzuri wa kutazama, ila mfupi kidogo kuliko kawaida. Bosi aliumega, akatia kipande mdomoni, akatafuna mara moja, kisha akakitema kiganjani kama mtu aliyeuma jiwe.

"Nani amekanda hii?"

Gari la kupeleka mikate hospitali lilikuwa linanguruma mlangoni. Wenzangu wote, bila kupanga, waligeuza macho upande mmoja, kwa mzee aliyesimama kando ya beseni la kukandia, unga umempanda hadi viwikoni. Tulimwita Jemadari. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu usichana wangu.

"Nimekanda mimi," alisema. "Nimekanda nilichopimiwa."

Aliyepima nilikuwa mimi. Lakini nani angemwamini? Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, na juma lililotangulia alisahau trei tanurini. Neno moja tu kutoka kwangu, msimamizi wake, na angetangulia gari kutoka nje.

Nilipoingia katika kiwanda kile cha mikate, msimamizi alikuwa yeye. Asubuhi moja usingizi ulimpitia mbele ya tanuri, mikate ikaungua ikawa makaa. Mwenye kiwanda, baba yake Bosi, alipokuja kuuliza, Jemadari alininyooshea kidole. "Huyu. Nimemwachia kidogo tu." Mimi hata kuligusa tanuri nilikuwa siruhusiwi. Wote walijua ukweli, na wote waliinamisha vichwa. Nikapelekwa kusugua trei, na tangu hapo jina langu likawa Majivu. Majivu, lete maji! Majivu, umelala? Watu walicheka, nami nikacheka nao, huku naapa kimoyomoyo: kiti chako nitakikalia, na wewe nitakutoa hapa watu wakitazama.

Kisasi kilinisomesha. Nilijiandikisha masomo ya jioni, nikajifunza kwa nini unga huu unavuta maji kuliko ule, kwa nini hamira hulala na nini huiamsha. Usingizi ukinielemea darasani nilikumbuka kicheko chake, macho yakafunguka yenyewe.

Lakini kisasi hichohicho kilinilea vibaya. Nikichelewa kazini, sababu ni Jemadari. Nikimjibu mtu ovyo, ni Jemadari. Mchumba wangu aliponiacha, nilimweleza mama kwamba kazi imenikausha, na aliyenikausha anajulikana. Mama aliweka kikombe chini.

"Hivi wewe," alisema, "umeolewa na huyo mtu? Maana hapa mezani kila siku anatangulia yeye, chai inafuata."

Nilinuna hadi chai ikapoa.

Mwenye kiwanda alipofariki, binti yake, Bosi wetu wa sasa, alishika biashara, na alitaka msimamizi aliyesomea kazi. Akanichagua mimi. Jemadari akarudishwa kwenye beseni kusubiri kustaafu. Mngedhani nilishiba. Wapi! Kiti nilikikalia, lakini nilikikalia upande, shingo nimeipinda kumchungulia. Nilitaka akosee. Alfajiri ile ya mikate ya hospitali nilikuwa napima chumvi huku jicho liko kwake, naangalia kama atazidisha maji. Nikamimina. Nikamtazama. Nikamimina tena.

Bosi alipotema ule mkate, mkono wangu ulikumbuka kabla yangu.

"Nauliza," alirudia, "uzembe huu ni wa nani?"

Jemadari hakunitazama. Alitazama sakafu, akaanza kufuta mikono kwenye aproni yake, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Alijua nitasema nini, kwa kuwa ndicho alichosema yeye siku mikate ilipoungua. Hapo ndipo hasira iliponipanda kwa namna nyingine kabisa. Kumbe mtu huyu anadhani ananijua! Anadhani mimi ni yeye!

"Ni wangu," nilisema. "Nimetia chumvi mara mbili. Huyu hana kosa."

Nilisema kwa sauti ya juu, ili kila aliyenyamaza siku ile asikie. Sitawadanganya kwamba nilisema kwa wema. Nilimkazia Jemadari macho mpaka akainua yake, na nilichokiona humo kilinifurahisha. Kilinifurahisha vibaya.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Bosi alinionya mbele ya wote, kisha akaniamuru nipande gari mwenyewe, nikawaeleze hospitali kwa nini wagonjwa watasubiri. Mkuu wa jiko la huko, mama wa miraba minne, alinisikiliza mikono kiunoni.

"Kosa ni lako, au umetumwa ulibebe?"

"Ni langu."

"Basi jifunge kitambaa kichwani uje ukoroge uji. Watu wana njaa."

Nilikoroga mpaka mabega yakawaka moto, nikagawa vikombe wodi hadi wodi. Nilikuwa njiani kurudi nilipogundua kwamba asubuhi nzima sikuwa nimemkumbuka Jemadari.

Nilimkuta bombani nyuma ya kiwanda, ananawa. Zamu yake ilikuwa imekwisha, lakini alibaki akakanda upya mikate yote.

"Ungeweza kunisingizia," alisema bila kugeuka.

"Ningeweza."

"Mimi nilikusingizia."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ili ukae na kosa lako."

Alifunga bomba. "Nimekaa nalo miaka yote, binti yangu. Lile jina la utani, nilidhani tukilicheka sana, kosa litasahaulika."

Hakuomba radhi, nami sikumsamehe. Nalisema hili kwa sababu nikisimulia habari hizi watu hupenda niwamalizie kwa kukumbatiana. Niliingia ndani kukagua tanuri. Alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kumuaga nilimpa mkono, kama wengine.

Baada ya muda Bosi aliniita ofisini. Alikuwa anafungua kiwanda cha pili, upande wa pili wa mji, na alitafuta mtu wa kukiongoza.

"Sikuulizi kama unaweza," alisema. "Nakuuliza kama unataka."

Zamani ningejibu kabla hajafunga mdomo, ili habari zimfikie mtu fulani zimchome. Sasa hapakuwa na wa kumchoma.

"Nipe mpaka kesho," nilisema.

Kesho yake nilifika mapema, nikamsubiri mlangoni mwa ofisi.

"Nataka," nilimwambia. Neno lenyewe lilitoka dogo, dogo kuliko nilivyolizoea, na ilibidi nilirudie ndipo alisikie.