Nondo Kwenye Chungu cha Maua

Friji ilikuwa inauma: ukiigusa, inakupiga shoti. Mama alipomwambia mumewe mara ya kwanza, mume alicheka. Mara ya pili akamnunulia ndala.

"Vaa hizo ukitaka kuifungua. Friji zote huuma kidogo."

"Na mtoto naye umemnunulia?"

Kitinda mimba wao ndiyo kwanza anasimama dede, na kila alichokiona mbele alikishika ajiinue. Basi mama akapika na mtoto mgongoni, akafua na mtoto mgongoni, mpaka kiuno kikaomba msamaha. Fundi mmoja alikuja, akabadili plagi, akaenda zake. Friji ikauma vilevile.

Siku friji ilipomrusha mkono ukagonga kabati, mama alimwita fundi mwingine, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Huyu alitoa balbu yenye nyaya mbili. Mmoja akaugusisha kwenye waya wa moto, ule unaoleta umeme, wa pili kwenye waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Balbu haikuwaka.

"Ethi yenu inaishia wapi, dada?"

Wakaufuata waya. Ukatoka nje, ukapita juu ya sementi mpya ya uani, fahari ya mume, ukaingia kwenye chungu cha maua. Katikati ya maua, kipande cha nondo.

"Nani kaipanda hii?"

Mume, aliyekuwa amewafuata uani, akakohoa. "Tulipomwaga sementi, nondo ilitukaa vibaya. Nikaikata, nikaihamisha. Si inataka udongo? Huo si udongo?"

"Shemeji, ethi ni ardhi yenyewe, siyo udongo wa kuchota na koleo. Umeme ukifika chunguni utakwenda wapi? Ukae unywe chai? Hapa sementi itavunjwa."

Mama hakucheka. "Mwezi mzima nabeba mtoto kama gunia, wewe unamwagilia nondo!"

"Sikujua, mama watoto."

"Hukujua, na hukuuliza!"

"Lakini sementi yenyewe haijamaliza hata..."

Mama aliingia ndani, akatoka na mtaimbo, akamkabidhi. Mume akavunja sementi yake mwenyewe. Fundi akagongomea nondo ndefu mpaka chini kwenye unyevu, na balbu ikawaka. Kisha akafungua friji kwa nyuma, akabadili waya uliochubuka ukawa unagusa bati.

Mama aliigusa kwanza yeye, peku. Haikuuma. Ndipo akafungua mbeleko. Mtoto akatambaa moja kwa moja hadi kwenye friji, akajiinua, akasimama.

Mama alibaki nyuma yake, mikono tayari.

"Haya, baba watoto," akasema bila kugeuka. "Nini kingine ulichohamisha?"